Mandhari ya reli ya mfano inapoharibika: fuata dalili, shuka hadi chanzo

Kasoro za mandhari ya reli za mfano, yaani treni ndogo za kuiga zilizowekwa juu ya meza, zina tabia moja: huonekana juu, na chanzo chake kiko chini. Ufa unaouona leo mgongoni mwa kilima ulianza siku fremu ilipofungwa kwa skrubu chache. Kokoto za njia ya reli zinazobanduka leo zilikataa gundi tangu dakika ile ilipodondoshwa. Ndiyo maana mtu huziba, hupaka rangi, hufurahi, na baada ya miezi miwili anakutana na kasoro ileile mahali palepale. Kwa hiyo kila unapoona tatizo, jiulize kwanza ni tabaka gani lililo chini yake, kisha teremka moja moja: rangi, plasta, povu la polistirini, ubao, fremu.

Nimepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi, nikashuka hadi vile vya nadra. Vipimo ninavyotaja ni vya HO, yaani 1:87: kitu halisi ni kikubwa mara 87 kuliko mfano wake. Wa N (1:160) wapunguze karibu nusu. Kabla ya kugusa chochote, zima umeme wa njia, ondoa vichwa vya treni na mabehewa, na uwe na vitu vinne karibu: taa ya mkononi, sumaku, kijiti cha meno, na lile behewa lako refu kuliko yote.

KOKOTO ZINABANDUKA AU ZINAHAMA

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote. Mara nyingi sana chanzo ni kwamba kokoto hazikuloweshwa kabla ya gundi. Inama uangalie tone la gundi linapotua kwenye kokoto kavu: halizami. Linakaa juu kama shanga, linajivika vumbi, halafu linaviringika hadi kwenye taruma (kile kipande cha kukingama kinachobeba reli) likiwa limebeba mawe madogo mgongoni. Ukiliona hilo, acha kudondosha. Chukua spiriti, au maji yenye tone moja au mawili ya sabuni ya vyombo, upulizie kama ukungu kutoka umbali wa sentimita 30 hivi ili upepo wa chupa usizihamishe. Pulizia mpaka kokoto zibadilike rangi hadi chini. Sasa dondosha gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ukitumia bomba la sindano, katikati ya reli kwanza kisha pembeni. Safari hii utaona tone likinywewa mara moja, na weupe ukisambaa wenyewe kati ya mawe. Weupe ukionekana kila mahali, imetosha. Iache saa 24 bila kuigusa, hata kama juu inaonekana imekauka.

Spiriti inashika moto na mvuke wake hukaa chini. Fungua madirisha, na usiwe na njia yenye umeme, sigara wala hita karibu.

Chanzo cha pili: gundi iliishia juu. Bonyeza kwa ncha ya kisu. Ukivunja ganda gumu na chini yake ukakuta mchanga mkavu, umepata jibu. Lowesha upya na udondoshe gundi nyepesi zaidi, sehemu moja ya gundi kwa mbili za maji, ili ishuke.

Cha tatu ni kokoto zenyewe kuwa nyepesi. Zile zinazotengenezwa kwa maganda ya njugu yaliyosagwa huelea. Za mawe halisi hutulia. Maganda yanahitaji ukungu mwingi na matone madogo, tena kwa uvumilivu. Mimi huchagua mawe.

Cha mwisho, na cha nadra: gundi iliyowahi kuganda kwa baridi kali. Ikiwa na madongemadonge hata baada ya kukorogwa, itupe.

Uzuri wa gundi nyeupe ni kwamba kosa halikufungi milele. Maji ya uvuguvugu yaliyowekwa juu kwa nusu saa huilainisha, nawe unaweza kukwangua kokoto zote kwa kipande cha plastiki na kuanza upya. Usitumie bisibisi, utang'oa vishikio vya reli kwenye mataruma.

SWICHI HAIHAMI BAADA YA KUMWAGA KOKOTO

Niliwahi kumaliza mita mbili za kokoto jioni moja, nikaenda kulala nimeridhika, na asubuhi nikakuta swichi tatu, yaani pale njia inapogawanyika mbili, zimeganda kama zimechongwa kwenye ubao. Tangu hapo nafanya swichi siku ya peke yake, mkono ukiwa bado haujachoka.

Anza na lililo rahisi: jiwe moja tu lililokwama kati ya ulimi (kile kipande cha reli kinachohama) na reli. Lielekeze taa kwa pembeni, utakiona kivuli chake. Litoe kwa kijiti cha meno. Kama hakuna jiwe, gundi imetambaa chini ya kile kipande cha plastiki kinachounganisha ndimi mbili. Weka matone ya maji ya uvuguvugu, subiri dakika 15, kisha sukuma ndimi kwa kidole, taratibu, huku na huku. Rudia hata mara nne. Futa kwa pamba ya masikio yenye spiriti.

Ikiwa ndimi zinahama kwa kidole lakini kimota cha kuihamisha swichi kinanguruma tu bila kuzisukuma, usiendelee kubonyeza kitufe. Mota za koili zimetengenezwa kupokea mkupuo mfupi wa umeme. Ukiushikilia, koili inaungua. Na kama swichi inahama lakini treni inazimika juu yake, tatizo ni gundi kwenye sehemu za ndimi zinazogusana na reli. Zisafishe kwa spiriti.

Kinga ni ndogo: usiweke kokoto kabisa chini ya kiunganishi cha ndimi. Paka ubao hapo rangi ya kijivu cheusi. Jicho halitagundua.

KILIMA KINA NYUFA

Usikimbilie kuziba. Ufa una maandishi, usome kwanza.

Nyufa nyembamba kama nywele, zikitawanyika bila mpangilio, ni plasta iliyokaukia haraka au iliyochanganywa na maji mengi. Hizi hazina hatari. Lowesha eneo kwa brashi, kwa sababu plasta kavu hunyonya maji ya plasta mpya kabla haijashika, kisha paka uji mwepesi wa plasta kwa kidole.

Ufa mmoja mrefu ulionyooka ni habari nyingine. Fuata mstari wake, utakuta unapita juu ya kiungo cha mbao mbili au ukingo wa povu. Hapo ubao unacheza. Mbao huvimba unyevu ukipanda na husinyaa hewa ikikauka, na plasta haina uwezo wa kunyumbuka. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe, ukae wiki tatu. Ufa ukivuka alama, rudi chini ya meza: kaza skrubu, ongeza mhimili wa mkingamo, paka mbao vanishi au rangi pande zote ili zisinyonye unyevu. Baada ya hapo ndipo uzibe, tena kwa mastiki ya akriliki inayonyumbuka na inayokubali rangi, si plasta. Ya silikoni usiiguse. Hakuna rangi ya maji itakayoshika juu yake.

Aina ya tatu unaisikia kabla ya kuiona. Gonga kilima kwa ukucha. Mahali panapolia kama boga tupu, plasta imeachana na povu. Toboa tundu dogo, ingiza gundi nyeupe kwa bomba la sindano, weka uzito juu usiku kucha.

Na mahali plasta ilipomeguka na kuacha kidoa cheupe kinachopiga kelele katikati ya mlima wa kahawia: safari ijayo changanya rangi ndani ya plasta yenyewe. Kidoa kikitokea, kitakuwa cha rangi ya udongo.

Mambo mawili ya kukusimamisha. Kwanza, ikiwa ukuta au dari ya chumba pia ina nyufa mpya au madoa ya unyevu, tatizo si la reli yako. Mwite fundi ujenzi. Pili, ikiwa umenunua au kurithi reli ya zamani, ya miaka ya 1940 hadi 1960, usiikate wala kuipiga msasa kabla hujajua imetengenezwa kwa nini. Baadhi ya wajenzi wa enzi hizo walichanganya unga wa asbesto kwenye mandhari, na vumbi lake huua polepole kupitia mapafu. Ifunike, iache ilivyo, mwite mtaalamu wa kupima na kuondoa asbesto.

POVU LIMEYEYUKA, LIMEBAKI MASHIMO

Chanzo ni kimoja: kiyeyusho. Rangi ya kopo la kupulizia, gundi ya plastiki, gundi ya mpira, hata supagluu ya kawaida vinakula povu la polistirini. Hakuna ukarabati zaidi ya kukata sehemu iliyoharibika na kuweka kipande kipya. Kabla ya kutumia gundi yoyote ngeni, weka tone kwenye kipande cha kutupa, rudi baada ya saa moja. Ukikata povu kwa waya wa moto, fanya hivyo mahali penye hewa, kwa sababu moshi wake ni sumu.

MAJI YA RESINI YANANATA, YANA VIPOVU, AU YAMEPANDA KINGONI

Kunata ndilo lalamiko kubwa, na karibu kila mara ni vipimo. Resini ya epoksi, kimiminika kinachoganda na kuiga maji, haikauki kama rangi. Sehemu mbili, resini na kigumuzi, zinaungana, na kila chembe ya moja inamtafuta mwenzake. Ukizidisha kigumuzi ukidhani utaharakisha, zinabaki chembe zisizo na mwenza, nazo zitanata milele. Pima kwa namna kopo linavyosema, uzito au ujazo, usibadilishe. Chanzo kinachofuata ni kukoroga vibaya: ile iliyoshika pembeni na chini ya kikombe haikuchanganyika, nawe ukaikwangua ikaingia mtoni. Koroga polepole dakika tatu ukikwangua kuta, hamishia kikombe kipya, koroga tena. Baridi nayo huchelewesha. Chumba kikiwa chini ya nyuzi 18 hivi, kipe joto na siku ya ziada kabla ya kukata tamaa. Ikiwa baada ya siku tatu kwenye joto bado inanata, kwangua ule utelezi, futa kwa spiriti, mimina tabaka jipya jembamba lililopimwa sawasawa.

Vipovu vinavyozidi kutoka chini vinatoka kwenye plasta isiyozibwa. Plasta ina hewa, na hewa inatafuta njia. Paka kitanda cha mto tabaka mbili za rangi ya akriliki na uache zikauke kabisa, siku mbili au zaidi, kabla ya kumimina.

Resini kupanda kwenye kingo ni tabia yake. Hutambaa juu ya nyasi na mchanga kama mafuta kwenye utambi. Mimina maji kwanza, panda nyasi za ukingoni baadaye. Iliyokwisha kupanda, ipake vanishi isiyong'aa na uisitiri kwa unga wa udongo.

Mimina milimita 3 kwa tabaka, isipokuwa kopo linaruhusu zaidi. Resini nyingi ndani ya kikombe hujipasha moto yenyewe. Kikombe kikianza kuchemka au kutoa moshi, usikikumbatie wala kukimwagia maji: kitoe nje, kiweke juu ya zege au mchanga, ukae mbali. Vaa glavu za nitrili kila mara. Ngozi ikiwasha au kutoa vipele, acha kutumia epoksi kabisa na umwone daktari, kwa sababu mzio huo huongezeka kila unapoigusa tena.

NYASI ZIMELALA

Mashine ya nyasi za umemetuli, inayosimamisha nyuzi za nyasi bandia kwenye gundi kwa nguvu ya umeme, inataka njia ya umeme kurudi. Mara nyingi ule waya wa klipu haukugusa gundi mbichi: umeubana kwenye ubao mkavu, basi nyasi zinadondoka tu. Piga msumari mdogo ndani ya eneo lenye gundi, bana klipu hapo. Ikiwa hilo liko sawa, gundi ilikauka juu kabla hujafika. Paka eneo la kiganja kimoja kwa wakati. Kisha angalia betri, kisha unyevu wa nyuzi zenyewe. Nyuzi za milimita 2 husimama kirahisi. Za milimita 6 zinahitaji mashine yenye nguvu zaidi. Ukiwa umemaliza, geuza mashine juu-chini mbali kidogo na ubao, au pitisha kifyonza vumbi chenye soksi mdomoni, nyuzi zitainuka na zile zisizoshika utazikusanya.

Mashine hizi hutoa maelfu ya volti. Mwenye kifaa cha moyo mwilini asiishike bila kumuuliza daktari wake.

JENGO LINAONEKANA KAMA KITU CHA KUCHEZEA

Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi, na ningependa kila mjenzi afanye hivyo, kwa sababu jicho la mgeni hutua kwenye nyumba kabla ya treni.

Tazama ukingo wa chini kwanza. Katika majengo mengi yasiyopendeza, tatizo si ukuta. Ni ule mstari mweusi wa kivuli kati ya ukuta na ardhi. Nyumba halisi haikai juu ya ardhi kama kikombe juu ya meza. Imezama, udongo umeruka na mvua ukapaka ukuta, magugu yameota pembeni. Chimba nafasi ya milimita 2 kwenye mandhari, tumbukiza msingi, kisha jaza pengo kwa mchanga mwembamba na vishungi vichache vya nyasi. Dakika kumi, na jengo lilelile linageuka.

Pili, mng'ao. Plastiki inang'aa, tofali halisi halingʼai. Vanishi isiyong'aa inamaliza hili. Ikikauka na ukungu mweupe, ulipulizia hewa ikiwa na unyevu mwingi. Subiri siku kavu, pulizia tabaka jembamba juu yake, mara nyingi weupe huondoka.

Tatu, rangi ni kali mno. Ukiwa mbali na kitu, hewa hukipunguzia rangi, na wewe unalitazama jengo lako kana kwamba uko mita hamsini au zaidi. Ongeza kijivu kidogo kwenye kila rangi. Tena changanya rangi chini ya taa zilezile za chumba cha reli. Rangi iliyopendeza dirishani hugeuka kijani chini ya taa nyingine.

Nne, uchakavu umepakwa kila mahali sawasawa. Mmarekani John Allen, aliyefariki 1973, ni mmoja wa waliowafundisha wajenzi wenzake kuchakaza treni na majengo, na picha zake hadi leo zinaonyesha kwamba uchafu una mantiki: kutu hushuka kutoka kwenye msumari, masizi hukaa juu ya mlango wa karakana, ukijani hufuata bomba linalovuja. Jiulize maji yalipita wapi. Unga wa rangi wa kuchakazia ukitoweka baada ya vanishi, ulikuwa mchache. Paka kwa nguvu zaidi ya unavyotaka uonekane.

Mwisho ni vipimo. Mlango wa mita 2 ni milimita 23 kwenye HO na 12.5 kwenye N. Simamisha sanamu ya mtu mlangoni. Akilazimika kuinama, au akiwa na nafasi ya mtu mwingine juu ya kichwa, jengo ni la kipimo kingine. Lipeleke nyuma ya mandhari ikiwa ni dogo, huko litaongeza umbali.

Madirisha yaliyopata ukungu ni mvuke wa supagluu. Yabadilishe, na safari hii tumia gundi ya akriliki inayokauka wazi. Kuta zilizopinda zina gundi ya plastiki nyingi iliyofungiwa ndani bila hewa, au hazina mihimili pembeni.

UKUTA UNAWAKA WOTE TAA IKIWASHWA

Plastiki inapitisha mwanga. Paka ndani rangi nyeusi, kisha nyeupe juu yake. Mstari wa mwanga kwenye pembe uzibe kwa kipande cha karatasi nyeusi.

Taa ya LED isiyowaka kabisa mara nyingi imegeuzwa nguzo, yaani chanya na hasi zimebadilishana, badilisha waya. Iliyowaka mara moja ikafa haikuwa na rezista, kile kipande kinachopunguza umeme. Kwa umeme wa volti 12 na LED nyeupe ya volti 3, rezista ya omu 470 huipa miliampia 19 hivi. Mimi naweka omu 1,000 au zaidi, kwa sababu dirisha la nyumba halipaswi kuwaka kama taa ya uwanja. Waya ukipata joto, zima kila kitu. Na kazi yoyote inayogusa umeme wa ukutani, si ule wa transfoma, ni ya fundi umeme.

TRENI INAGONGA HANDAKI AU JENGO

Lichukue lile behewa refu. Kwenye kona, tumbo lake huingia ndani na ncha zake hutoka nje, na behewa la abiria la mita 26 ni milimita 300 kwenye HO. Bandika penseli ubavuni katikati, nyingine kwenye ncha ya upande wa nje, lisukume kwa mkono kupita kila mahali. Mistari itakayochorwa ndiyo mpaka. Ongeza milimita 5. Fanya hivi kabla ya plasta. Ikiwa umechelewa, pima kwanza kama reli yenyewe imesogea, maana kusogeza reli milimita 3 ni rahisi kuliko kubomoa mdomo wa handaki. Mdomo ukibidi kukatwa, tanda kitambaa chenye maji juu ya reli ili vumbi la plasta lisiingie kwenye swichi.

KICHWA CHA TRENI KINASAGA TANGU ULIPOMWAGA MCHANGA

Simamisha mara moja. Mchanga wa asili mara nyingi una chembe za chuma, na sumaku ya mota huzivuta hadi ndani. Funga sumaku kwenye mfuko wa plastiki, ipitishe polepole juu ya njia nzima. Ikirudi na manyoya meusi, endelea hadi irudi safi, ukigeuza mfuko ndani-nje kila mara kuzitupa chembe. Mchanga uliobaki kwenye kopo uchekeche, upitishie sumaku hiyohiyo, kisha uoke kwenye joto linalozidi nyuzi 100 ili kuua kuvu na wadudu. Kichwa cha treni chenyewe kifungue tu ikiwa umewahi kufungua mota. Kama hujawahi, kipeleke kwa mtengenezaji kikiwa hakijawashwa tena.